Tumeshaagwa

Mwezi wa tatu wapangaji wenzetu walituaga.
Walichanga, wakanunua chupa ya chai ya lita tatu,
Mama Shamsa akatoa hotuba fupi pale bombani,
mtoto wa chumba cha nne akalia kweli.
Sasa ni Julai. Kila asubuhi
napanga ndoo yangu nyuma ya ndoo ya Mama Shamsa
naye hanitazami usoni, kwa adabu tu,
kama mtu aliyetoka kuzika
akamkuta marehemu sokoni anachagua vitunguu.

Nyumba yenyewe iko Moshono.
Vyumba vitatu, bati la kijani, mparachichi nyuma.
Tulitoa arubuni Novemba, mijakaranda ikimwaga zambarau
hadi begani kwa mwanasheria.
"Wiki sita," alisema. "Zikizidi, nane."
Nikahesabu kwa vidole, vidole vikabaki.

Kisha tukajifunza maneno.
Mirathi. Msimamizi wa mirathi. Kiapo.
Hati ingali na jina la mzee Ndekirwa,
na mzee Ndekirwa hana haraka tena.
Watoto wake saba; sita wametia saini.
Wa saba yuko machimboni Geita,
simu yake hupatikana Jumapili,
na Jumapili ofisi ya ardhi imefungwa.
Alipopatikana,
ripoti ya mthamini ilikuwa imepitwa na muda.
Mthamini akarudi, akapima kuta zile zile,
akakuta hazijakua, akadai malipo yake.

Benki kuna kijana mpole, Lomayani.
Ana namna ya kusema "linashughulikiwa"
kana kwamba anamfunika mtoto blanketi.
Mume wangu humpigia Jumatatu.
Mimi humpigia Alhamisi.
Hatujaambiana.

Mama Kileo, mwenye nyumba, alishapata mpangaji mpya.
Dada mmoja akaja, akapima chumba chetu kwa hatua,
akasimama palipo kitanda chetu, akasema, "Hapa friji."
Nikamkaribisha chai, kutoka kwenye chupa ile ile.
Jioni tukaenda kuomba tubaki.
Mama Kileo hakukasirika. Alifuta miwani.
"Kodi yangu mnaijua. Miezi sita, kwa mkupuo."
Miezi sita ni milango miwili ya mninga
na dari ya sebule.
Tulihesabu noti juu ya meza yake,
na mimi nikasikia milango ile ikifungwa,
mmoja, kisha wa pili.

Nina kosa langu pia.
Desemba nilinunua kitambaa Kilombero
nikashona mapazia kwa kipimo cha madirisha ya Moshono:
mita mbili na robo kwenda chini,
rangi ya buni iliyoiva mtini.
Miezi saba yamelala begini, uvunguni,
nami nikilala juu yake.

Wiki hii baridi imeteremka na ukungu wa Meru,
upepo unapenya kwenye fremu, mtoto anakohoa.
Jana usiku nikalivuta begi.
Dirisha letu hapa ni mita moja na ushei.
Mapazia yakashuka hadi sakafuni, yakajilundika
kama wageni waliokosa viti.
Anaeli hakuuliza yametoka wapi.
Akaleta mkasi.
Nikaurudisha kabatini.
Nikapinda, nikapinda tena, nikabana kwa pini,
kumi na nne kila upande,
kitambaa chote kikabaki ndani ya pindo,
hata uzi haukupotea.

Asubuhi Mama Shamsa aliyaona kutoka bombani.
Akanitazama, mara ya kwanza tangu hotuba.
"Mazuri," akasema. "Lakini marefu."
Nikamwambia, ndiyo. Ni marefu.
Akasogeza ndoo yake pembeni,
yangu ikatangulia.