Mabasi Arobaini

Nimepewa mabasi arobaini na ramani ya Arusha,
penseli, kifutio kilichotafunwa na panya,
na mwezi mmoja.

Kaaya wa takwimu anasema, "Peleka basi waliko watu."
Anaweka kidole Ngaramtoni, anakiburuta taratibu
Sakina, Mianzini, Sanawari, mpaka Tengeru,
kama mtu anayepanguza vumbi mezani.
Kila dakika sita, basi. Usiulize ratiba, we nenda kituoni.
Viti vimejaa, nauli inarudi, diwani anacheka.

Kisha Bi Nasinyari wa ustawi wa jamii
akauliza swali moja, hata hajaingia, yuko mlangoni:
"Na Olmoti?"

Olmoti. Terrat. Kule nyumba zimekaa
kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.
Ukipeleka basi, linarudi na upepo.
Usipolipeleka

Mimi ni mtoto wa mfereji.
Kwetu Nkoaranga maji yalishuka kwa zamu,
mama akaamka saa nane za usiku kuilinda yetu na jembe begani.
Mwaka mmoja wa ukame kamati ikasema: wote, sawa kwa sawa.
Wakafungua vijito ishirini na kimoja.
Maji yakafika kila shamba yakiwa unyevu.
Hakuna aliyenyimwa. Hakuna aliyevuna.
Mwaka wa pili wakageuza, maji yote juu, penye kahawa nene;
matawi yakainama kwa kuzaa,
na Mama Ndewario wa bondeni akauza mbuzi wake
mmoja mmoja, kimya kimya,
wala hakuja tena mkutanoni.

Basi nikiyatawanya haya arobaini,
yatapita kila mtaa mara moja kwa saa na nusu,
na basi la saa na nusu ni ahadi ya fundi:
lipo, ndiyo, lakini nani ataishonea siku yake hapo?

Nilimtuma Lengai, kijana wa mafunzo, akahesabu watu Olmoti
tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita.
Akaleta karatasi: abiria saba.
Kaaya akaipokea kama risiti.
Lakini pembeni, kwa mwandiko mdogo,
Lengai alikuwa ameandika ambayo fomu haikuuliza:
wa tatu kabeba kichwa cha cherehani kwenye khanga;
wa tano ana barua ya hospitali, kauliza mara mbili kama leo ni Jumanne;
wa saba kachoka kungoja, karudi nyumbani.

Najumlisha. Najumlisha tena.
Hesabu inajua wangapi.
Haijui nani asubiri.
Hiyo ni kazi ya wale watakaokaa ukumbini Alhamisi
wakitaka niiite utaalamu.
Nitawaambia waseme kwa vinywa vyao:
thelathini yakimbie penye watu, kumi yaende penye ukimya,
au ishirini kwa ishirini, wakithubutu.
Ila wasiniambie, "Yote mawili, kikamilifu,"
maana basi likiwa Sakina
halipo Terrat.

Usiku huu nimechora ya thelathini.
Kumi nimeyashona pindoni, kila saa, saa kamili,
ili hata asiye na saa ajue:
kengele ya shule ikilia, toka, linakuja.
Olmoti imepata moja.
Kulipata, nimefuta kamstari kafupi ka Moivaro,
kale kanakopita mbele ya geti langu.
Dakika ishirini na mbili kwa miguu, nimezipima,
na Aprili kuna tope.

Asubuhi Kaaya aliinama juu ya ramani,
akaliona doa la kijivu lilipokuwa nyumbani kwangu,
hakusema neno.
Akatazama viatu vyangu.