Mgeni wa Mwezi wa Saba

Umekuja tena, Daktari Kihwelo,
na fimbo zako tatu ndani ya begi lile lile,
na kofia iliyopauka hadi imesahau rangi yake.
Nilishakuandika daftarini tangu Januari:
Julai, siku nne, mafuta lita themanini.
Kwa penseli. Ziwa halipendi wino.

Tumeng'oa nanga Kayenze nyota hazijazimika.
Mashine ya arobaini imekohoa mara mbili, ikakubali.
Upande wa Bezi, taa za wavuvi wa dagaa
zinakufa moja moja
kama watu waliochoka kubishana.
Wanatupungia. Wananicheka pia:
"Nabwire! Leo unavua au unatembeza?"
Natembeza, nawajibu. Anayelipa ndiye anayevua.

Ungekuja Aprili, ungekutana na radi na matapishi.
Ungekuja mwezi ulipoandama juzi,
inzi wa ziwa wangekupanda puani kama moshi.
Ila Julai maji yamepoa, ziwa linajigeuza kitandani,
la chini linakuja juu, la juu linashuka,
na sangara anapita vyumba vyote
kama mwenye nyumba aliyerudi safari.

Nimekuona ukifunga ndoana.
Mwaka ule wa kwanza ulifunga bila kutazama,
ukinisimulia gego la tajiri mmoja wa Kahama
lililokataa kung'oka hadi alipotaja deni lake.
Leo mshipi umelikosa tundu mara tatu.
Mimi nikaona furukombe juu ya mwamba.
Hakukuwa na furukombe.

Saa tatu kasoro fimbo ikainama hadi majini.
Roda ikalia.
Ukapiga goti moja, ukasema neno la Kihehe
ambalo sitauliza maana yake,
na mimi nyuma yako nimeshika mkanda wa suruali
kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine.
Ulijua nimekushika.
Robo saa nzima hukusema kitu.

Kilo arobaini na nane.
Jicho la dhahabu, mdomo wa kumeza ndoo.
Nikalitazama tumbo lile, nikaliona bondo ndani yake
kama anavyoona mtu noti kwenye bahasha iliyofungwa:
pale mwaloni Kirumba wangenipa ada ya muhula mzima ya Magesa,
na viatu.

"Mrudishe," ukasema.

Sibishani na mteja. Nikamrudisha.
Hakuzama.
Ametoka kina kirefu, upepo umemvimbisha,
akalala ubavu juu ya maji
kama mlango uliong'olewa.
Na sasa furukombe akaja, wa kweli,
akazunguka mara moja, akazunguka tena.

Basi nikamshika taya la chini,
nikapunguza mashine hadi ikawa inanong'ona,
tukamtembeza kandokando ya boti
polepole, maji yapite mashavuni,
vile wanavyotembezwa waliopasuliwa
kwenye korido za Bugando.
Ukalala kifudifudi juu ya ubao, shati likilowa,
ukamshika mkia.
Mkono wako ulikuwa unatetemeka,
au mkia ndio uliotetemeka.
Mle majini sikuweza kutofautisha,
na nadhani wewe pia hukuweza.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Jua lilishachoma shingo.
Mara akapiga. Pigo moja tu,
sote wawili tukaloa hadi ndani,
kofia yako ikaanza kuelekea Ukerewe.
Ukacheka hadi ukakohoa.
"Mwakani," ukasema.

Jioni hii nimefungua daftari.
Mmoja, kilo 48, ameenda.
Nikageuza ukurasa, nikaandika Julai, siku nne,
nikikandamiza hadi herufi zikatokea upande wa pili.
Penseli imekatika ncha. Nimeichonga.
Lile bondo bado naliwaza, Daktari,
sitakudanganya.