Mtunza Rafu

Saa kumi na moja alfajiri, Juni,
napulizia kibodi kama mtu anayewasha mkaa.
Niko ghorofani, juu ya duka la rangi, Mwanjelwa.
Loleza umejifunika hadi shingoni.
Nyongeza kumi na saba zimelala nje usiku kucha
zikingoja nizikague.

Mchezo wenyewe haukutoka kwetu.
Ulikuja na basi jeupe lisilo na jina
na barabara iliyonyooka kama rula,
isiyomtapisha abiria.
Kona tumeziweka sisi.
Ndondole wa Ilula alituma Kitonga nzima,
na lori la mbao limelala ubavu kwenye kona ya tatu,
kwa sababu, anasema, siku zote lipo.
Binti Chaula wa Makete akaleta njia ya Kitulo,
megabaiti mia sita, karibu zote maua.
Bando za watu zikalia.
Nikamwandikia: Chaula, punguza maua.
Akajibu: wewe umewahi kufika huku Desemba?

Kazi yangu ni kupima kila faili kama ina mdudu.
Kumuuliza mtu, kwa upole,
kwa nini honi yake inataka kusoma namba za simu.
Kuyavua mafaili majina ya "mwisho",
"mwisho kabisa", "mwisho kweli sasa",
na kuyavika namba.
Kuandika chini ya kila kitu aliyekitengeneza,
hata mtoto wa darasa la sita kule Mbalizi
aliyepaka usukani zambarau, basi.
Hasa huyo.

Kijana mmoja wa Njombe alichukua honi ya mwenzake,
akafuta jina, akaweka lake.
Nikamfungia.
Mama yake akanipigia simu:
mwanangu si mwizi, ameazima bila kusema.
Baada ya wiki mbili nikamfungulia.
Jina la mwenye honi likarudi juu,
lake likakaa chini: *aliongeza mwangwi*.
Na kweli aliuongeza. Mwangwi mzuri.

Machi likaja toleo la nne
na nusu ya rafu ikavunjika.
Mabasi yakaelea juu ya lami,
abiria wakashuka stendi bila vichwa,
na lawama zote kwangu, kana kwamba panga nilishika mimi.
Sheria niliiandika mwenyewe:
kisichofanya kazi siku tisini, kinaondoka.
Orodha ikafika arobaini na moja.
Ya thelathini na nane ilikuwa mvua ya Tukuyu,
kazi ya Gwakisa Mwambuluma.

Ile ilikuwa mvua.
Ilikuja kwa ubavu, ikapiga kioo cha dereva,
ikasita, ikaondoka,
ikarudi kama iliyosahau mwavuli.
Gwakisa alifariki Oktoba. Pikipiki, Kiwira.
Dada yake aliniandikia sentensi moja:
siku tisini zinaisha Alhamisi.

Nikaifungua mvua.
Mistari elfu moja na mia mbili,
imetupwatupwa kama nguo chumbani kwa mvulana.
Katikati, nyuma ya mikwaju miwili
ili mashine ipite bila kusoma:
*// hapa panavuja. nitaziba nikipata usingizi*
Na chini kidogo:
*// Subi asiguse*

Dada yake anaitwa Subilaga.

Nikakesha siku nne. Umeme ulikatika mara mbili,
mara ya pili na kazi ya saa tatu.
Palipovunjwa na toleo la nne, nikapaunga.
Palipovuja tangu kwake, sikupagusa.
Kwa hiyo sasa ukiteremka kutoka Uyole,
ukishapita Isongole,
tone moja huingia ndani ya basi
na kudondokea kiti cha pili, dirishani.
Watu wananiandikia: kuna kasoro.
Najua.

Mtengenezaji: Gwakisa Mwambuluma.
Toleo: la nne.
Aliyerekebisha: nimepaacha wazi.
Imepakuliwa mara sitini na tatu.
Kuna mmoja huipakua kila Alhamisi,
ingawa faili ni ileile.