Konokono Ana Meno

Hatibu hupanga vitabu juu ya turubai, karibu na Posta Mpya,
kama muuza nyanya: mafungu mafungu.
Fungu la sheria. Fungu la dini. Fungu la kufaulu mitihani.
Na fungu lisilo na jina, wanalolikanyaga kwa kisigino
wanaokimbilia kulipa bili ya maji.

Humo ndimo nilimokiokota,
jalada limetafunwa na mende, mgongo umeshikwa kwa gundi ya viatu.
"Elfu mbili," akasema Hatibu,
"na mende nakuongezea bure."

Konokono ana meno. Maelfu. Ulimini.
Nilisoma nimesimama, jua la utosi,
nikauhurumia mchicha wote niliowahi kuupanda.
Pweza ana mioyo mitatu
(nami huu mmoja umenishinda kuutunza).
Mgomba si mti, ni majani yaliyokumbatiana
yakajifanya shina.
Mnazi, ukiukata, huoni pete za miaka:
umri wake siri, kama wa shangazi yangu wa Mbagala.

Ila aliyenikamata hakuwa mwandishi.
Alikuwa pembeni, kwa kalamu ya risasi,
herufi zimelalia kushoto kama nyasi zilizopitiwa na mbuzi.
Ukurasa wa kwanza: *Domitila Ngonyani, Keko Magurumbasi, 1987.*

Keko, kwa maseremala,
ambako miti hufika haina majani wala jina la kijiji chake,
ikapewa miguu minne na droo.

Kitabu: mninga una rangi ya asali.
Domitila: *Wangu una rangi ya deni. Kitanda bado tunakilipia.*
Kitabu: kunguru hukumbuka uso wa mtu.
Domitila: *Kweli tupu. Nilimrushia mmoja ndala Kwaresima,
mpaka Pasaka nilikuwa natoka na mwavuli.*
Kitabu: popo huisambaza mikungu, hula tunda akatupa kokwa mbali.
Domitila: *Uongo.*
Chini yake, tarehe ya siku nne mbele, mkono umetulia:
*Nimekwenda kuangalia usiku. Samahani, popo.*

Nilicheka peke yangu ofisini,
mhasibu akadhani nimeona kosa lake.

Mwishoni ni kazi za mikono.
Kutengeneza karatasi kwa maganda ya mgomba. Kuchora kwa mkaa.
Kusuka ukili: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu,
ya nne: *rudia mpaka utosheke.*
Domitila: *Nani aliyewahi kutosheka?*
Na hapo, katikati ya kurasa, kipande cha ukili
urefu wa shubiri, njano imepauka,
ncha zake wazi, kama mtu aliyeitwa nje akasema "naja".

Mimi ni karani. Vidole vyangu vinajua mhuri tu.
Jumamosi nikanunua miyaa Kariakoo.
Mama muuzaji akaniangalia kucha:
"Mkeka wa nani huo?"
Nikasema, "Wa kitabu."
Hakucheka. Akanipunguzia mia mbili.

Nimeanzia pale alipoachia.
Kiungo kinaonekana hata kwa mwanga wa kibatari:
kwake umekaza, maji yangetuama;
kwangu unapumua, soksi ya mlinzi.
Nafumua. Nasuka. Nafumua.

Hatibu ameniuliza kama nimekimaliza,
atakirudisha kwa elfu moja.
Nikamwambia hakijaisha, mna watu wanabishana.

Keko sijaenda. Si mbali, ni kutembea tu.
Nachelea nikiuliza jina, fundi atazima randa,
atafuta vumbi usoni kwanza
kabla ya kunijibu.

Jana usiku nikachukua tochi, nikachutama kwenye mchicha.
Konokono alikuwepo, mkubwa kama yai la bata,
nikasogeza sikio hadi tope likanigusa.
Halafu nikachonga kalamu.
Pembeni mwa sura ya kwanza, ambako Domitila hakuandika kitu,
nimeandika kwa herufi ndogo, nikabakiza nafasi:

*Sikusikia meno.
Asubuhi jani lina tundu.*