Waya wa Kurudi

Kwanza iliwaka ya oili, kwenye mteremko wa Kinyasini,
jicho dogo jekundu, halikonyezi.
Nikazima gari, nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa kipande cha kanga:
oili imo, imesimama palepale pa jana.
Basi imevuja ikarudi?
Oili hairudi, nikajijibu. Lakini moyo umeshaingia doa.

Kesho yake ya betri. Kesho kutwa ya breki.
Vuli ilipoanza nilitia indiketa kuingia Konde
na dashibodi nzima ikanicheka,
nyekundu, manjano, nyekundu,
kama duka la taa usiku wa kuamkia Idi.

Mafundi nawajua kwa bei zao.
Wa Wete aliniuzia alteneta: taa ikabaki.
Wa Mkoani alibadili swichi ya oili: taa ikabaki,
ikaongeza na ya joto, kwa ukarimu.
Wa tatu alichomoa balbu, akanitia mkononi:
"Usichokiona hakikusumbui."
Niliirudisha mwenyewe usiku uleule, kwa tochi ya simu.

Na Hamadi.
Miaka sita dereva wangu.
Mwani wa Tumbe unaochuruzika, matofali ya Vitongoji, magodoro ya maharusi,
yeye na pikapu ile wakijuana hadi kikohozi.
"Injini nzima," alisema. "Naisikia."
Mimi nikaamini taa.
Nikamwambia, oili yangu unaiuza kwa chupa.
Aliweka funguo juu ya boneti,
akachukua msala wake nyuma ya kiti,
akaondoka kwa miguu.

Kazija ana banda Machomane, bati tupu, testa inaning'inia shingoni.
Hakuuliza taa ipi. Aliuliza:
"Gari hii ulipaka rangi lini?"
"Shaabani. Arusi ya binti yangu."
"Na taa zimeanza lini?"
Nikahesabu kwa vidole. Nikanyamaza.

Alijipenyeza chini ya shavu la kushoto, ikabaki miguu tu,
kandambili moja ya kijani, moja ya bluu.
Akaniita niiname.
Bolti moja, haizidi kidole gumba,
waya mweusi umekazwa juu yake,
na chini ya waya, rangi. Rangi yangu.
Bluu ya arusi, mikono miwili,
na pembeni chumvi ya mwani imeota, nyeupe kama ukoko.

"Umeme nao una kwao," alisema.
"Hutoka betri, hufanya kazi, hurudi.
Wewe umeufungia mlango wa kurudi.
Basi ukikanyaga breki hupita kwa majirani,
hubisha kwa oili, hubisha kwa joto,
na kila unapobisha
mwenye nyumba huwasha taa."

Alikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa,
akakaza, akapaka grisi, akataka elfu kumi na tano.
Mimi niliyelipa laki nne za alteneta
niliona haya kuomba punguzo.

Nikazungusha ufunguo. Taa zote zikawaka pamoja, kama ipasavyo,
zikajihesabu, zikazimika.
Giza. Giza safi la dashibodi.
Kazija anafuta mikono. Mimi sijaondoka.
"Kimebaki nini?"

Nilimkuta Gando kwa shemeji yake, anamenya muhogo.
Nikamweleza bolti, nikamweleza rangi,
nikamweleza na chumvi, ambayo hakuiulizia,
na lile neno moja lililonipeka kule
likakaa mdomoni, limekazwa juu ya rangi.
Hamadi hakujibu. Aliinuka na wanga mikononi,
akaliendea gari linalonguruma,
akatia kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa.

"Mkanda wa feni umelegea," alisema.
"Huo hauna taa."