Hisa Arobaini

Tulianza na mashine moja ya kusukia mota,
Gerezani, chumba chenye ukutani
tangazo la betri ambazo hazitengenezwi tena.
Theopista alileta milioni tisa za mafao ya marehemu.
Mimi nilileta mikono hii
na miaka kumi na moja ya kunusa mota iliyoungua
nikajua, kabla ya kuifungua, ni waya upi ulioanza.

Tukaandikiana: yeye sitini, mimi arobaini.
Tena, kwa kuwa mimi nashinda pale
na yeye hupita Ijumaa,
nilipwe kwanza laki nne kila mwezi. Mshahara.
Neno hilo nililipenda.
Nililiingiza nyumbani kama kochi jipya.

Mwaka ulipoisha tukamwita Ngwashi wa mahesabu.
Akaja na kikokotoo kilichofungwa kwa mpira,
akaomba risiti. Nikampa ndoo.
Ndoo kweli, ya rangi, ya lita ishirini,
na risiti zimefifia
kama hina ya bibi harusi wiki ya tatu.
Nyingine aliziinua dirishani, akazisoma kwa jua.

Alipofika kwenye mshahara wangu alicheka kwa pua.
"Nani anakulipa huu?"
"Ubia."
"Ubia ndio nani?"
Nikamtazama Theopista. Theopista akatazama feni.
"Mtu hajiajiri mwenyewe, fundi.
Hii ni faida uliyoichota mapema.
Irudi chunguni, ndipo tupakue."

Akairudisha, kwa kalamu tu:
milioni nne na laki nane nilizokwisha kula,
ada ya Shukuru, bati za Chanika, miwani ya mama,
zote zikapanda karatasi
zikakaa kwenye faida kama hazijaguswa.
Milioni ishirini kamili.
Akanitolea kwanza zile zangu za miezi,
masalio akayakata sitini kwa arobaini.
Mimi: kumi, laki nane na themanini elfu.
Theopista: tisa, laki moja na ishirini elfu.

"Sasa kodi," akasema. "Duka hilipi.
Duka ni bomba, maji yanapita.
Analipa aliyekinga, kila mtu kwa namba yake."

Nikavuta droo ya meza.
Sabini elfu, na funguo ya kufuli lililokwisha potea.
"Faida hiyo nimekinga wapi?"

Hakujibu. Alinyoosha kalamu rafuni:
waya wa shaba, roli juu ya roli,
beringi kwenye maboksi yao,
na karatasi ya kiwanda cha unga Tabata
walioahidi kulipa tangu Mfungo Sita.
"Ipo. Imelala tu.
Sheria haiulizi kama umeishika. Inauliza kama ni yako."

Hapo Theopista, ambaye mwaka mzima
hakuchukua hata nauli, akavua miwani.
"Marehemu," akasema polepole,
"alikatwa kabla ya kushika.
Mimi nakatwa bila kushika."
Akaifuta miwani kwa pindo la kitenge,
muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

Nilitaka kumwambia pole, nikaona ni neno dogo.
Nikateremsha roli tatu.

Fundi mmoja wa Buguruni alizinunua siku hiyohiyo,
akataka bei ya bila risiti,
akanikonyeza kama tunavyokonyezana sote.
Mkono wangu ulikuwa tayari unakwenda mfukoni.
Theopista, ambaye hakuwa Ijumaa,
alikuwa ameketi kwenye ndoo ile ya rangi.
"Mpe risiti," akasema.
Mashine ikalia, ikatoa ulimi wake mweupe.

Jioni Mwanahawa akaniuliza kama mshahara umetoka.
Nikalitafuta neno, nikalikosa.
"Nimechota," nikasema.
"Kisima cha nani?"
Cha wawili, nikamwambia,
na yupo wa tatu, hachimbi wala hachoti,
ila kamba anaipima yeye.
Akanisogezea sahani.
"Kula kwanza," akasema, "kabla hajaja kupima na hii."