Swali la Tisa

Katika mtihani wa Juni niliuliza:
Radi hutokea katika wingu la aina gani?
Nabintu wa darasa la sita akaandika,
kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino,
*Wingu la mlima ukitapika.*
Nikapiga mkasi mwekundu,
nikavuta karatasi nyingine.

Hakulia. Alisimama mlangoni mwa ofisi,
soksi moja imeshuka,
akasema kwa Kiswahili cha kwao, ng'ambo ya ziwa:
"Haikukuwa na mvua, mwalimu.
Ni majivu ndiyo ilikuwa inapiga radi."
Nikamjibu kama mtu mwenye kitabu:
bila mvua hakuna radi. Nenda darasani.

Kasulu, Julai. Baridi inashuka toka Heru Juu,
umeme umekatika tangu saa mbili.
Navuta blanketi la nailoni juu ya fulana
na gizani, kati ya magoti yangu,
cheche. Ta. Ta-ta.
Chumbani hamna wingu.
Hamna tone.
Nikaketi kitandani, mtu mzima na ndevu zangu,
nikalivuta tena.

Sasa najua, na nimechelewa kujua:
mlima unapofyatuka, mwamba husagika hewani,
chembe zikagongana, zikasuguana, zikapasuka,
hii ikampokonya mwenzake chaji, ikatoroka nayo.
Nyepesi hupaa na moshi, nzito hubaki nyuma,
na katikati yao hewa huvutwa
kama mpira wa manati
mpaka ichoke kuvumilia.
Juu zaidi, mvuke uliotoka motoni huganda barafu,
nayo barafu ina ugomvi wake.
Majivu tu. Ndugu wa haya
anayosugulia masufuria mke wangu.

Jumatatu nikabeba kopo la maziwa ya unga,
sahani ya plastiki ya kulikalishia,
waya, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara:
vipande viwili vikining'inia, vimegusana.
Chekecheo nililiazima kwa mpika uji.
Kilontsi alilishika vizuri, kisha akapiga chafya,
tukawa weupe wote, tukaanza upya.
Majivu yakachuja, yakaangukia koponi.
Vile vipande vikatetemeka,
vikaachana.
Kidogo. Upana wa punje ya mchele.

Darasa zima liliinamia ile punje.
Nabintu alitazama viganja vyangu.
"Nilikuwa mgongoni kwa mama mudogo," akasema.
"Watu wote walikuwa wanaangalia mbele, wanakimbia.
Mimi tu ndiyo nilikuwa naangalia nyuma."

Jioni nilitafuta karatasi yake kwenye rundo.
Nikaukwangua mkasi kwa ukucha;
wino mwekundu hautoki,
karatasi ikatoboka.
Nikampa alama zote mbili.
Swali lilikuwa la alama mbili.